Seva Iliyopokea Haijafikisha

Miongoni mwa mafundi wanaosimamia seva za barua pepe kuna maoni yaliyokwisha kuota mizizi: kwamba uwezo wa seva hujulikana kwa amri moja. Fundi anafungua terminali, anaandika smtp-source, anataja idadi ya barua na idadi ya miunganisho, kisha anasubiri. Barua 10,000 zikiingia kwa sekunde 20, hesabu ni nyepesi: seva inabeba barua 500 kwa sekunde. Namba hiyo inaingia kwenye ripoti, ripoti inapanda kwa mkurugenzi, na maelfu ya watu wanahamishiwa anwani zao kwenye mashine ambayo haijajaribiwa kwa karibu lolote kati ya yatakayoipata.

Maoni hayo si sahihi. Yana madhara pia, na wanaoumia ni watu wasiowahi hata kusikia jina la amri hiyo: mwanafunzi anayesubiri barua ya udahili, mgonjwa anayesubiri majibu ya maabara, mteja aliyetumiwa namba ya siri yenye uhai wa dakika tano.

Haki itendeke kwanza. Wanaoshikilia maoni haya si wavivu, na hoja zao zina uzito. Zana yenyewe haikuokotwa njiani. Huja pamoja na Postfix, seva ya barua aliyoiandika Wietse Venema alipokuwa mtafiti wa IBM na kutolewa kwa umma mwaka 1998. Aliyeunda seva ndiye aliyeunda zana. Haina gharama, haihitaji leseni, inaendeshwa hata kupitia mtandao hafifu, na amri iliyoandikwa leo inaweza kurudiwa vilevile mwakani. Mwenzake, smtp-sink, hupokea barua na kuzitupa, hivyo fundi anaweza kufanya jaribio lake bila kumsumbua mtu. Tena, wanasema, anayebadili diski au kuongeza kumbukumbu ya mashine anahitaji namba ya kabla na namba ya baada, na kipimo kimoja ni bora kuliko kukisia. Kwa nini fundi ahangaike wiki nzima pale ambapo dakika tano zinatosha?

Zinatosha kujibu swali gani? Mgogoro wote umo humo.

Kwanza: 250 ni dhamana, kazi bado

Ili kosa lionekane, ni lazima kutazama mazungumzo yenyewe ya itifaki ya SMTP. Mashine inayotuma inajitambulisha, inamtaja mtumaji, inamtaja mpokeaji, inaandika neno DATA, inamimina barua, kisha inafunga kwa mstari wenye nukta peke yake. Seva ikiridhika hujibu kwa namba 250. Papo hapo smtp-source inahesabu barua moja na kuanza nyingine.

Namba hiyo ina uzito mkubwa kuliko wanavyoichukulia wengi. Waraka wa RFC 5321 wa Oktoba 2008, unaoweka kanuni za SMTP, ulioandaliwa na John Klensin na wenye chimbuko katika ule wa Jon Postel wa Agosti 1982, unasema kwamba seva iliyojibu hivyo imebeba dhamana ya barua: ama iifikishe, ama imwarifu mtumaji kwamba imeshindwa. Hairuhusiwi kuipoteza kwa sababu hafifu, na waraka unazitaja sababu hafifu mbili kwa mfano: mashine kuzimika baadaye, na upungufu wa rasilimali ambao ungeweza kutabiriwa. Hiyo ya pili ndiyo ambayo jaribio la mzigo linapaswa kuigundua. Lakini amri inayosimama kwenye 250 inapima kasi ambayo seva inajitwika madeni. Kasi ya kuyalipa haimo kabisa kwenye hesabu. Karani wa vifurushi katika kituo cha mabasi anaweza kuandika stakabadhi mia kwa saa, na stakabadhi hizo zisiseme lolote kuhusu mabasi mangapi yameondoka kwenda Mwanza.

Tuchukue hesabu ya mfano. Seva inapokea barua 500 kwa sekunde na kutoa 40. Jaribio la sekunde 20 litaisha kwa furaha, maana barua 10,000 zinakaa vizuri kwenye diski. Mzigo huohuo ukidumu dakika tano, barua 150,000 zitakuwa zimeingia, 12,000 zimetoka, na 138,000 zimebaki ndani. Kwa kasi ya 40 kwa sekunde, kuzimaliza kunahitaji sekunde 3,450, yaani karibu saa nzima. Mteja wa namba ya siri ya dakika tano ataipata baada ya kukata tamaa mara kadhaa, na kila mara atakapobonyeza ili atumiwe nyingine ataiongezea foleni barua moja zaidi. Ripoti bado itasomeka: barua 500 kwa sekunde.

Tofauti kubwa namna hiyo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma hutokea katika mipangilio ya kawaida kabisa. Seva nyingi hupokea barua kwanza, kisha huikabidhi kwa amavis ili ikaguliwe kama ina virusi au ni barua taka. Kwa mpangilio wake wa mwanzo, amavis huendesha michakato miwili tu ya ukaguzi kwa wakati mmoja. Ukaguzi wa barua moja ukichukua sekunde moja, zinatoka barua mbili kwa sekunde, hata mlango wa mbele upokee mia tano au elfu tano. Fundi anayepima mlango wa mbele hataona tatizo hilo hadi simu zianze kuita.

Tarehe 1 Januari 2022 ilionekana dhahiri ni wapi barua hukwama. Kichungi cha virusi ndani ya Microsoft Exchange 2016 na 2019 kilitumia tarehe kuwa namba ya toleo, na toleo la siku hiyo likawa 2201010001. Namba hiyo inazidi 2,147,483,647, ambacho ni kikomo cha namba kamili ya biti 32 yenye ishara. Injini ya kichungi ikashindwa kufanya kazi, na barua za mashirika yanayoendesha seva zao wenyewe zikajazana kwenye foleni za usafirishaji. Kasoro hiyo haikutokana na mzigo, na hakuna jaribio la mzigo ambalo lingeitabiri. Inachothibitisha ni kwamba barua inaweza kupokelewa kwa adabu zote na isifike popote, na kwamba anayetazama mlango wa kupokelea peke yake hana habari.

Postfix ina amri iitwayo qshape, inayoonyesha foleni ikipangwa kwa umri: barua ngapi zimekaa chini ya dakika tano, ngapi kumi, ngapi ishirini, na kuendelea. Jedwali hilo likichapishwa kila dakika wakati wa jaribio linaeleza hali ya seva kuliko namba yoyote ya smtp-source. Amri yenyewe imo kwenye kifurushi kilekile. Ni nadra kuliona jedwali lake kwenye ripoti.

Pili: mzigo unaopungua seva inapochoka

Kasoro ya pili imejificha zaidi, na ndiyo kubwa kuliko zote. Fundi anapoiambia smtp-source ifungue miunganisho 20 sambamba, kila muunganisho hutuma barua na kusubiri jibu kabla ya nyingine kutumwa mahali pake. Seva ikiwa nyepesi, mzigo unaongezeka. Seva ikianza kulemewa na kuchelewa kujibu, watumaji wote 20 wanasubiri pamoja nayo, na mzigo unashuka wenyewe. Aliyepangiwa kushindiliwa ndiye anayeamua ashindiliwe kiasi gani.

Mwaka 2006 watafiti watatu, Bianca Schroeder, Adam Wierman na Mor Harchol-Balter, walichapisha utafiti kuhusu suala hilihili la mifumo ya kompyuta iliyo wazi na iliyofungwa. Walionyesha kwamba mfumo uleule, kwa wastani uleule wa mzigo, unaweza kutoa picha mbili tofauti sana za ucheleweshaji kutegemea kama wanaokuja wanasubiri waliotangulia wamalize au wanaingia bila kujali. Jaribio la mstari wa amri lililoelezwa hapo juu ni mfumo uliofungwa. Intaneti iko wazi. Seva za dunia nzima zinazotaka kuleta barua hazijui kwamba seva fulani imechoka, na hazingoji zamu.

Hesabu ya kulionyesha hilo ni fupi. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni inayobeba jina lake: idadi ya walio ndani ya mfumo ni kasi ya kuingia mara muda wa kukaa. Postfix, kwa mpangilio wa mwanzo, huruhusu michakato 100 ya kila huduma. Barua zikija 10 kwa sekunde na kila moja ikishikilia mchakato wa kupokea kwa sekunde 12, labda kwa sababu uchunguzi wa DNS unachelewa au kichungi kinafanya kazi kabla ya kujibu, inahitajika michakato 120. Nafasi zimejaa. Barua kumi tu kwa sekunde zimeifunga seva iliyosifiwa kwa mia tano.

Mafuriko ya kweli huja namna gani? Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom ziliharibika, na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani wao ikazorota vibaya. Katika hali kama hiyo, barua zinazoelekea kwenye seva iliyoko Dar es Salaam au Mombasa hazipotei. Zinasubiri kwa watumaji wake, kwa maana RFC 5321 inazitaka seva zinazotuma zijaribu tena, kwa kawaida baada ya nusu saa au zaidi, na zisikate tamaa mpaka siku nne au tano zipite. Njia inapofunguka, maelfu ya foleni kutoka mabara yote yanaelekea mlango mmoja, kutoka anwani nyingi za IP, huku watumishi wa ofisi nao wakituma yote waliyoshindwa kutuma. Mzigo huo haufanani kwa lolote na miunganisho 20 kutoka mashine moja inayosubiri jibu kwa upole.

Seva iliyolemewa hubadilika tabia, na tabia hiyo mpya ndiyo inayopaswa kujaribiwa. Tangu toleo la 2.6, Postfix ikiona michakato yote ya kupokea imeshikwa huingia katika hali ya dharura: muda wa kumsubiri mteja anayenyamaza unashuka kutoka sekunde 300 hadi 10, na makosa anayovumiliwa yanashuka kutoka 20 hadi 1. Ni ulinzi wa busara, lakini una mwathirika wake. Mtu wa wilayani anayetuma kiambatisho kizito kwa mtandao unaokatika na kurudi atafukuzwa mlangoni pamoja na watuma taka. Shirika lenye watu wengi wa namna hiyo linahitaji kujua mapema kwamba itakuwa hivyo. Jaribio lisiloifikisha seva kwenye hali ya dharura halitaligundua kamwe.

Kuna pia suala la jibu linalotolewa wakati wa shida. Namba inayoanza na 4 humwambia mtumaji arudi baadaye. Inayoanza na 5 humwambia asirudi. Tarehe 15 Desemba 2020, kutokana na kosa la mipangilio na si la mzigo, seva za Gmail ziliwajibu watumaji kwa 550 zikisema anwani fulani hazipo ilhali zilikuwepo. Barua hizo hazikusubiri; zilirudishwa kwa waliozituma, na kwa kuwa mifumo mingi ya kutuma barua za wanachama humfuta mtu ambaye anwani yake imekataliwa kabisa, madhara ya jibu la namna hiyo hubaki hata tatizo likishatengenezwa. Kwa hiyo swali la kumwuliza aliyeijaribu seva liko wazi: ilipojaa, ilisema 4 au ilisema 5? Mwenye namba ya wastani peke yake hana jibu.

Tatu: barua ambayo hakuna mtu anayeiandika

Barua inayotumwa na smtp-source, fundi asipoielekeza vinginevyo, ni mistari michache ya maneno yasiyo na maana. Akitaja ukubwa, inakuwa mistari ya herufi X iliyojirudia. Haina kiambatisho, haina picha, haina faili ya PDF iliyobanwa ndani ya zip, haina viungo vya tovuti. Kichungi cha taka hakina cha kufungua wala cha kuchunguza. Zana haina usimbaji fiche wa TLS, wakati sehemu kubwa ya barua za leo husafiri kwa TLS na kila muunganisho mpya hugharimu hesabu za prosesa. Anayepima bila TLS anapima kazi ambayo seva yake haitaifanya.

Kisha kuna desturi ya kufanya jaribio kutoka ndani ya mashine ileile, kuelekea 127.0.0.1. Ni rahisi, lakini inafuta karibu kila kizuizi ambacho mgeni hukutana nacho. Postfix huruhusu mteja mmoja miunganisho 50 kwa wakati mmoja, ila wateja walioorodheshwa kuwa wa mtandao wa ndani wamesamehewa kikomo hicho, na mashine yenyewe ni ya kwanza kwenye orodha. Wateja wa ndani kwa kawaida hawachunguzwi kwenye orodha za anwani zinazotuma taka, kama zile za Spamhaus, na hivyo maswali ya DNS ambayo kila mgeni huyasababisha hayaulizwi. Hapo ndipo huonekana mkanganyiko mkubwa katika maoni haya: fundi anaondoa kila kinachochelewesha ili apate kipimo safi, kisha anakitumia kipimo hicho kutabiri siku ambayo vyote alivyoviondoa vitakuwepo.

Hata neno barua lina mtego ndani yake. Kwa kawaida smtp-source huipa kila barua mpokeaji mmoja. Katika maisha ya ofisi barua moja inaweza kuwa na wapokeaji elfu. Oktoba 1997, ndani ya Microsoft, mtumishi mmoja aligundua yumo kwenye orodha ya barua iitwayo Bedlam DL3, yenye watu takriban 13,000, akaandika akiomba aondolewe. Ombi likaenda kwa wote. Wengine wakajibu kwa wote wakisema nao wanataka kutoka, wengine wakijibu kwa wote kuwasihi wenzao waache kujibu kwa wote. Wahandisi wa kampuni hiyo walisimulia baadaye kuhusu barua zipatazo milioni 15, na kuhusu seva za usafirishaji zilizoishiwa kumbukumbu, zikaanguka, zikawashwa na kuanguka tena kwa kuwa barua zilezile zilikuwa bado zinazisubiri. Somo lililotoka humo ni kikomo cha idadi ya wapokeaji kwa barua moja kilichoongezwa kwenye Exchange. Waliozituma zile za mwanzo hawakuwa wengi. Kilichoua mfumo ni kuzidishwa, na jaribio la mpokeaji mmoja halizidishi kitu.

Nne: diski inayojibu kabla ya kuandika

Dhamana ya 250 inadai kwamba barua iwe imeandikwa kwenye diski kikweli kabla jibu halijatoka. Diski ya kuzunguka ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, na hata mfumo wa faili ukijumlisha maandiko kadhaa kwa pamoja, kuna kiwango ambacho hauwezi kukivuka kwa uaminifu. Namba inapoonekana kubwa mno, hasa kwenye mashine pepe iliyokodiwa, uwezekano mmoja ni kwamba diski ni nzuri. Mwingine ni kwamba kuna tabaka fulani linalojibu kuwa limeandika wakati data bado iko kwenye kumbukumbu inayofutika.

Kwa shirika lililo mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, hili ni jambo la kuogofya. Seva mbili zikishindanishwa kwa amri ile, inayodanganya itashinda inayosema kweli, na itanunuliwa. Umeme utakapokatika, barua zilizokwisha kujibiwa 250 zitatoweka bila mtumaji wala mpokeaji kujua kwamba zimepotea.

Tano: gharama ya kujaribia juu ya watu

Wapo wanaojitetea kwamba wao hawapimi kwenye maabara. Wanapima usiku, kwenye mfumo wenyewe, kwa anwani halisi. Huo ni mwelekeo mbaya zaidi. Tarehe 14 Novemba 2016, ujumbe mtupu wa majaribio ulitumwa ndani ya NHSmail, mfumo wa barua wa huduma ya afya ya Uingereza, ukafika kwenye akaunti zaidi ya 800,000. Baadhi ya waliopokea wakajibu kwa wote, na mfumo unaotegemewa na madaktari na wauguzi ukazorota kwa saa kadhaa. Tarehe 17 Juni 2021 barua ya majaribio ya HBO Max ilitoka na kuwafikia wateja waliojiandikisha, na kampuni ikalazimika kuomba radhi hadharani. Matukio yote mawili yalianza na neno jaribio.

Barua zikitoka nje ya shirika, hasara huwa ndefu. Tangu Februari 2024 Gmail inawataka wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwa watumiaji wake wawe na uthibitisho wa mtumaji wa SPF, DKIM na DMARC, na malalamiko ya taka yasifike asilimia 0.3. Seva inayomwaga maelfu ya herufi X kwa watu wasiozitaka inaichafua anwani yake ya IP, na kusafisha jina huchukua muda mrefu kuliko jaribio lenyewe. Wakati huo wote ankara na barua za ajira za shirika zinaangukia kwenye folda ya taka. Hakuna sababu ya kufika huko: tangu Juni 1999 RFC 2606 imetenga vikoa kama .test na .invalid kwa kazi hizi, na Postfix inaweza kuelekeza barua zote za vikoa hivyo kwenye smtp-sink.

Kuhusu bora kidogo kuliko hakuna

Inabaki hoja yao ya mwisho, kwamba kipimo kidogo ni bora kuliko kukosa kipimo. Ingekuwa kweli kama kipimo hicho kingeacha maswali wazi. Lakini namba moja kubwa huyafunga. Shirika lisilo na kipimo linajua halijui, na bado litaweka akiba ya nafasi, litauliza, litahamisha watu kwa mafungu. Shirika lenye ripoti ya barua 500 kwa sekunde huhamisha watu wote kwa usiku mmoja.

Wala haiwezi kusemwa kwamba zana hazipo. Ile ile smtp-sink inayoachwa ijibu papo hapo inaweza kuamriwa ichelewe sekunde kadhaa kabla ya kujibu, ikatae amri fulani kwa namba za 4, au ikate muunganisho katikati, ili kuiga seva za nje zilizo polepole na zisizotabirika. Ile ile smtp-source inaweza kupewa faili ya barua halisi yenye kiambatisho badala ya herufi X, wapokeaji wengi kwa barua moja, na vipindi vya kungoja vinavyobadilikabadilika. Inaweza kuendeshwa kutoka mashine kadhaa zilizo nje ya mtandao wa ndani, ili vikomo na vichungi vyote viamke. Russell Coker, aliyeandika pia bonnie++ ya kupima diski, alitengeneza Postal, ambayo huweka alama ya MD5 ndani ya kila barua. Mwenzake rabid huichukua barua upande wa pili na kuhakikisha kwamba kilichofika ndicho kilichotumwa. Yaani wapo waliokwisha kuona kwamba upande wa kufika ndio wenye habari, na wakaandika programu.

Kinachohitajika ni angalau kompyuta tatu, ya kutuma, ya kujaribiwa na ya kupokea, na mzigo unaodumu saa nyingi badala ya sekunde. Umri wa foleni uandikwe kila dakika. Seva isukumwe mpaka ilemewe, majibu yake ya 4 na 5 yahesabiwe, kisha mzigo ushushwe na muda wa kupona upimwe mpaka foleni iishe. Katikati ya kazi umeme ukatwe kwa kuchomoa waya wenyewe, si kwa kuizima mashine kwa utaratibu. Kwa kuwa smtp-source inaweza kuibandikia kila anwani ya mpokeaji namba yake, mashine ikishawashwa tena kila namba iliyojibiwa 250 itafutwe: iwe kwa smtp-sink iliyoagizwa kuhifadhi badala ya kutupa, au iwe bado kwenye foleni. Ile isiyoonekana popote ni barua iliyopotea, na hata ikiwa moja tu, seva hiyo haijafikia kupewa watu.